Maktaba Zetu Zipange Pamoja Kabla Bajeti Hazijafungwa

Mwaka juzi frateri mmoja wa mwaka wa tatu wa teolojia alikuja mezani kwangu maktabani akiwa na karatasi yenye jina la kitabu kimoja. Alikuwa anaandika tasnifu juu ya Mtakatifu Sipriani wa Karthago, na jinsi Kanisa la Afrika Kaskazini lilivyowapokea tena Wakristo walioikana imani wakati wa dhuluma ya Kaisari Desio, mwaka 250. Alihitaji maandishi ya Sipriani mwenyewe, yale yaliyotafsiriwa kwa Kiingereza katika mfululizo wa Ancient Christian Writers. Niliangalia kwenye kompyuta, nikaangalia kwenye kadi za zamani, nikapanda ngazi hadi rafu za juu. Hatukuwa nacho. Nikamwambia, "Pole, Frateri." Baada ya wiki mbili alibadilisha mada.

Miezi kadhaa baadaye nilimsindikiza mgeni kwenye chuo kingine cha Kanisa, mwendo wa daladala mbili kutoka kwetu. Wakati mgeni anaongea na wenyeji wake, nikaingia maktabani kusalimia. Kitabu kile kilikuwa kwenye rafu, kizima, safi, na karatasi ya tarehe iliyobandikwa ndani ilikuwa na muhuri mmoja tu. Mkutubi mwenzangu naye aliniuliza kama najua mahali pa kupata matoleo ya zamani ya jarida la AFER, maana mhadhiri wao alikuwa ameyatafuta mwaka mzima. Nilishikwa na aibu. Sisi tunayo, na mengine ni nakala mbili mbili, yamefungwa ndani ya boksi chini ya ngazi.

Siku ile hakuna aliyekosea. Tulikuwa tumekosea kwa miaka mingi, sisi sote, kwa kutokukaa chini pamoja na kuulizana nani ana nini.

Naandika haya kama mkutubi mlei ambaye amefanya kazi miaka mingi kati ya mapadre na mafrateri. Hoja yangu ni moja. Maktaba zetu za seminari kuu, nyumba za malezi na vyuo vikuu vya Kanisa hazijapungukiwa moyo wa kushirikiana, wala hazijapungukiwa hati za makubaliano. Zimepungukiwa kikao kimoja cha kila mwaka, kinachofanyika kwa wakati wake, yaani kabla bajeti hazijafungwa, na kinachoulizwa mwaka unaofuata kimetimiza nini.

Kazi hii si ngeni katika Kanisa

Wako wanaodhani kwamba ushirikiano wa maktaba ni jambo la wazungu na kompyuta. Tusome historia yetu wenyewe.

Katika karne ya 6, Mtakatifu Benedikto aliandika katika sura ya 48 ya Kanuni yake kwamba mwanzoni mwa Kwaresima kila mmonaki apewe kitabu kutoka maktabani, akisome chote kwa mpangilio. Miaka mia tano baadaye, Lanfranki, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliwawekea wamonaki wake utaratibu kamili. Jumatatu baada ya Dominika ya kwanza ya Kwaresima, mtunza vitabu alitandika zulia katika ukumbi wa mkutano na kupanga juu yake vitabu vya nyumba. Kila ndugu aliingia akiwa na kitabu alichopewa mwaka uliopita. Orodha ya mwaka uliopita ilisomwa kwa sauti, jina kwa jina. Aliyesikia jina lake alirudisha kitabu. Aliyejua moyoni kwamba hakukisoma chote alilala kifudifudi na kuomba msamaha. Kisha kila mmoja alipewa kitabu kingine, na majina yakaandikwa upya.

Tazama mambo yaliyomo katika desturi hiyo. Upo wakati maalumu wa mwaka, ipo orodha iliyoandikwa, upo uwajibikaji mbele ya wenzako, na ipo nafasi ya kuanza upya. Huo ni mpango wa mwaka wa maktaba, na una umri wa zaidi ya miaka 900.

Wafransisko wa Uingereza walikwenda hatua moja mbele. Mwanzoni mwa karne ya 14 walitengeneza orodha moja iliyoonyesha vitabu vya Mababa wa Kanisa na waandishi wengine vilipo katika maktaba zaidi ya 180 za nyumba za watawa na makanisa makubwa. Kila maktaba ilipewa namba yake. Mbele ya jina la kitabu ziliandikwa namba za maktaba zilizokuwa nacho. Ndugu aliyekuwa akiandaa mahubiri au somo aliweza kujua aende nyumba gani. Hawakuwa na umeme, simu wala basi. Walikuwa na miguu, kalamu, na uamuzi kwamba kitabu cha nyumba moja kina faida kwa nyumba zote.

Mapadre wetu waliosoma Roma wanalijua jambo hili kwa macho yao. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 maktaba za vyuo vikuu vya kipapa na taasisi nyingine za Kanisa pale Roma ziliunda umoja wao, URBE, ili orodha zao zisomeke pamoja. Mwanafunzi anatafuta kitabu mara moja tu, anaona kama kipo Gregoriana, Urbaniana au Angelicum, kisha anavuka mtaa. Mapadre hao wamerudi nyumbani, baadhi yao ni walezi na magombera wetu leo. Ningependa kuwauliza kwa heshima: kwa nini tuliacha wazo hilo uwanja wa ndege?

Tayari tunashirikiana kwa watu, bado kwa vitabu

Hapa kwetu Tanzania tuna sababu ya pekee ya kufanya hivyo. Maaskofu wetu hawakuamua kwamba kila jimbo lijenge seminari kuu yake. Mafrateri wa majimbo mbalimbali wanalelewa pamoja. Wengi wanaanza falsafa Kibosho au Ntungamo, kisha wanakwenda teolojia Segerea, Kipalapala au Peramiho. Frateri mmoja kutoka jimbo moja anaweza kuanza masomo mlimani Kilimanjaro na kuyamaliza Songea. Maana yake ni kwamba katika safari ya malezi yake anatumia angalau maktaba mbili kubwa zilizo mbali kabisa.

Yeye anahama, lakini vitabu havihami, na hata habari za vitabu hazihami. Akiwa mwaka wa pili wa teolojia anakumbuka kwamba kule kwenye falsafa aliwahi kusoma kitabu fulani juu ya Mtakatifu Augustino. Anakuja kwangu. Namwambia hatuna. Hapo mazungumzo yanaishia, kana kwamba seminari ile iko nchi nyingine.

Tumekubali kuchangia walezi, kuchangia gharama na kuchangia vijana wenyewe, ambao ni hazina kubwa kuliko vitabu. Sasa kitabu ni nini hata kishindikane?

Kwa nini maazimio yetu hayatekelezeki

Nimehudhuria vikao vingi vya wakutubi. Vinafanana. Tunakutana siku mbili, tunasali, tunasikiliza mada, tunapiga picha ya pamoja, tunaandika maazimio kumi na manne. Mwaka unaofuata, au miaka mitatu baadaye, tunakutana tena na kusoma yale yale. Waswahili wana utani wao kwamba mipango si matumizi. Kwetu utani huo umekuwa kanuni.

Nimejiuliza kwa muda mrefu tatizo liko wapi. Si uvivu. Wakutubi ninaowajua wanafanya kazi kwa sadaka kubwa. Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni kalenda. Maktaba ya chuo inaishi katika kalenda tatu kwa pamoja. Majarida ya nje kwa kawaida hulipiwa kwa mwaka unaoanza Januari na kuisha Desemba. Bajeti za vyuo vingi hufuata mwaka wa fedha unaoanza Julai. Masomo nayo, katika vyuo vingi, huanza kwenye Oktoba au Novemba. Vikao vyetu tumezoea kuviweka mwishoni mwa mwaka, wakati kila mtu ana nafasi kidogo. Lakini wakati huo bajeti imekwishapitishwa miezi mingi iliyopita, na hati za madai za majarida zimekwishafika mezani. Tunachoazimia Novemba hakina fedha hadi Julai inayofuata, na ikifika Julai tumekisahau.

Ya pili ni watu wanaoingia kikaoni. Mkutubi anaweza kuahidi jasho lake. Hawezi kuahidi fedha za nyumba. Mwenye sauti ya fedha ni gombera, mkuu wa chuo na mhasibu, na hao hawapo. Mkutubi anarudi nyumbani na maazimio, anaomba nafasi ya kumwona Baba Gombera, anaambiwa asubiri, na mambo yanaishia hapo. Simlaumu gombera. Anaombwa fedha za chakula, umeme, dizeli na paa linalovuja. Ombi la maktaba likija peke yake, bila mpango, bila namba na bila wakati wake, litakaa mwisho wa foleni daima.

Ya tatu ni uhamisho. Mara nyingi padre anayesimamia maktaba hukaa miaka michache, kisha anapewa utume mwingine. Ushirikiano uliojengwa juu ya urafiki wa watu wawili huondoka na mmoja wao. Palipo na mpango ulioandikwa na wenye tarehe, mgeni anayekuja anakuta njia.

Mambo manne ya kuweka katika mpango

Mpango ninaouwazia ni mfupi, uwe wa kurasa mbili. Ukizidi hapo hautasomwa. Uwe na mambo manne, na kila jambo liwe na nyumba inayolibeba na mwezi wa kulimaliza.

La kwanza ni orodha ya pamoja. Tusianze na vitabu vyote, tutachoka. Tuanze na majarida. Maktaba nyingi zetu zina majina ya majarida yasiyozidi mia chache, na kuandika jina, miaka tuliyonayo na matoleo yanayokosekana ni kazi ya wiki moja au mbili kwa frateri wawili na mkutubi mmoja. Mwaka wa pili twende kwenye Mababa wa Kanisa, kama walivyofanya wale Wafransisko. Mwaka wa tatu twende kwenye vitabu vya Kiswahili. Kwa upande wa chombo hatuna kisingizio. Programu ya Koha, ambayo ilianza kutumika Januari 2000 katika maktaba za umma za mji mdogo huko New Zealand, haina ada ya leseni, na maktaba nyingi za vyuo nchini zinaitumia. Jina lake ni neno la Wamaori lenye maana ya zawadi, tena zawadi inayotarajia ukarimu kurudishwa. Tukiandika kumbukumbu zetu kwa utaratibu unaofanana, kuziunganisha baadaye ni kazi ya fundi mmoja.

La pili ni kugawana ununuzi. Viko vitabu ambavyo kila nyumba lazima iwe navyo, tena nakala nyingi: Biblia na fafanuzi za msingi, Katekisimu, Sheria ya Kanisa, hati za Mtaguso wa Pili wa Vatikano, kamusi, vitabu vya kozi. Hivyo hatugawani. Lakini vile vya kitaalamu, ambavyo kwa mwaka vinasomwa na watu wawili au watatu, kwa nini tununue wote? Nyumba moja ibebe Mababa wa Kanisa. Nyingine ibebe sheria ya Kanisa. Nyingine, iliyoko mahali penye Waislamu wengi, ibebe majadiliano ya dini. Nyingine historia ya umisionari, nyingine falsafa ya Kiafrika, nyingine liturjia na muziki mtakatifu. Kila nyumba iwe na ujasiri wa kusema, "Hili hatununui, kwa sababu wenzetu wanalo na sisi tunawategemea." Sentensi hiyo ni ngumu kuliko inavyoonekana, lakini hapo ndipo fedha inapopatikana.

La tatu ni kulipia pamoja kinachosomwa kwa mtandao. Vyuo vikuu vya nchi hii vinalijua jambo hili kupitia ushirika wao wa maktaba, COTUL, na wenzetu wa Kenya kupitia KLISC. Badala ya kila chuo kujadiliana na mchapishaji peke yake, wanakwenda kwa sauti moja na kugawana gharama. Ubaya ni kwamba mafungu makubwa yanayotolewa bure au kwa bei nafuu kwa nchi zetu hayakuandaliwa kwa mahitaji yetu. Research4Life, kwa mfano, ilianza mwaka 2002 na fungu la afya, kisha likaja la kilimo, la mazingira, la ubunifu na teknolojia, na mwaka 2018 la sheria. Hakuna fungu la teolojia. Hivyo hakuna atakayetupigania sisi tusipojipigania. Seminari moja yenye mafrateri mia na kitu haina nguvu mbele ya mchapishaji wa Ulaya au Marekani. Nyumba kumi zikiandika barua moja, zenye jumla ya wanafunzi wote na bei moja wanayoweza kulipa, zitajibiwa.

La nne, na kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote, ni urithi wetu wenyewe. Kitabu cha Sipriani kikipotea leo, kesho kitapatikana Nairobi, Roma au Washington. Lakini tasnifu ya frateri aliyekusanya desturi za mazishi za kabila lake kutoka kwa wazee ambao sasa wamekufa, akipotelea wapi? Matoleo ya gazeti la Kiongozi, gazeti la Rafiki Yangu lililoanza mwaka 1910, vitabu vya sala na katekisimu vilivyochapwa Tabora, Ndanda na Peramiho, barua za kichungaji za maaskofu wetu wa kwanza wazalendo: vitu hivi vimetawanyika. Nyumba moja ina miaka mitatu, nyingine ina miwili, nyingine ina boksi ambalo mchwa wamelianza. Hakuna mchapishaji wa Leiden wala Oxford atakayetuuzia vitu hivi. Tusipokubaliana nani anatunza nini na nani anapiga picha kurasa zipi mwaka huu, vitatoweka tukiwa tunaandika maazimio.

Wanaopinga wana hoja

Nimelizungumza jambo hili na wengi, na sitaki kujifanya kwamba wote walishangilia.

Mhadhiri mmoja mzee, ambaye namheshimu kama baba yangu, alicheka na kuniambia, "Mama, nguo ya kuazima haisitiri matako." Alikuwa na maana kwamba chuo kinachojiheshimu kina vitabu vyake. Tena vyuo vikuu hukaguliwa, na mkaguzi anaingia maktabani na kutazama rafu zenyewe. Ni kweli. Ndiyo maana nimesema vitabu vya msingi havigawanywi. Lakini hata tajiri wa kijiji hana shamba la kila kitu. Ana la mahindi, na chumvi ananunua kwa jirani. Maktaba inayotaka kuwa na kila kitu kwa fedha tulizonazo itaishia kuwa na kidogo cha kila kitu, na frateri mwenye swali zito ataondoka mikono mitupu.

Wengine wanasema vitabu vitapotea. Hili nalichukua kwa uzito, kwa sababu nimewahi kupoteza. Ila kwa uzoefu wangu vitabu vingi vinavyopotea havipotelei kwa jirani. Vinapotelea mikononi mwa watu wetu wenyewe, nyuma ya kitanda cha mtu tunayemjua. Jibu ni kuweka masharti yanayoeleweka. Anayeazima awe maktaba na si mtu. Nyumba iliyoazima ndiyo inayolipa kitabu kikipotea. Vitabu adimu havitoki. Badala yake sura inayohitajika inapigwa picha na kutumwa, kwa mipaka ya sheria ya hakimiliki. Kila nyumba iweke idadi ya juu ya vitabu inavyoweza kutoa kwa muhula. Na kwa nyumba zilizo mbali, vitabu visafiri na mapadre na masista wanaokwenda vikao, ambao husafiri kila wiki.

Maktaba kubwa zinaogopa kwamba zitakuwa zikitoa tu. Maktaba ndogo zinaogopa kumezwa. Hofu zote mbili huisha pale kila nyumba inapoandika kwenye mpango kile inachotoa. Chuo kikubwa kinaweza kutoa fundi wa Koha siku tano kwa mwaka. Nyumba ndogo ya shirika inaweza kuwa na mkusanyo wa vitabu vya mwanzilishi wao usiopatikana popote Afrika Mashariki. Zawadi hazilingani, na hazihitaji kulingana.

Mwisho wako vijana wanaosema, "Mama, kila kitu kipo kwenye intaneti." Vingi vipo kweli, na nawafundisha kuvitafuta. Hati za Kanisa zipo kwenye tovuti ya Vatikano, na miswada mingi ya kale ya Maktaba ya Vatikano inaonekana bure. Yako pia makusanyo kama JSTOR yenye mpango wa kupunguza au kuondoa ada kwa taasisi za Afrika, lakini ni lazima taasisi iombe, itimize masharti na iwe na mtu wa kulifuatilia. Hata kilicho bure kinahitaji mpango. Na vitabu vipya vya teolojia vingi viko nyuma ya malipo, wakati frateri anasoma kwa bando la simu analonunua kwa posho yake.

Tukutane Kwaresima

Pendekezo langu kuhusu wakati ni hili. Kikao cha mwaka kifanyike katika juma la kwanza au la pili la Kwaresima. Mara nyingi huwa Februari au Machi. Bado miezi mitatu au minne bajeti za Julai hazijafungwa. Bado miezi tisa au kumi hati za madai za majarida za mwaka unaofuata hazijaanza kulipwa. Mkutubi akirudi na kurasa mbili, gombera anazipata wakati bado ana kalamu mkononi. Na wakati huo wa mwaka Mtakatifu Benedikto alikwishauchagua kabla yetu.

Kikao kiwe cha siku moja. Kila nyumba iwakilishwe na watu wawili: mkutubi, na mmoja mwenye sauti kwenye fedha. Asubuhi, kabla ya jambo lolote jipya, isomwe orodha ya ahadi za mwaka uliopita, nyumba kwa nyumba. Aliyetimiza aseme ametimiza. Ambaye hakutimiza aseme hakutimiza, na kwa nini. Sidai mtu alale kifudifudi juu ya zulia. Lakini nadhani tumepoteza kitu tulipoacha kusemeana ukweli kwa upendo mbele ya wenzetu, tukaweka mahali pake ripoti ndefu ambamo kila kazi "inaendelea vizuri".

Kwa magombera na wakuu wa vyuo nina ombi moja tu, tena naliomba kwa unyenyekevu. Mpeni mkutubi wenu kiti siku moja kwa mwaka pale bajeti inapojadiliwa. Si lazima mkubali anachoomba. Msikieni tu, na mwambieni mapema kiasi alichonacho, kidogo au kingi. Mkutubi anayejua kwamba ana milioni mbili anaweza kupanga na wenzake. Asiyejua chochote hawezi kupanga hata na rafu zake.

Frateri yule wa Sipriani alipata daraja ya ushemasi mwaka jana. Alipopita kuaga nilimwonyesha kwenye simu picha ya kile kitabu, niliyoipiga siku ile. Aliitazama akaniuliza, "Kilikuwa wapi, Mama?" Nikamweleza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Daladala mbili?" Hakuniambia neno jingine. Tasnifu aliyoiandika badala yake ilifaulu vizuri, lakini swali aliloacha lilikuwa lake na lilikuwa jema. Parokiani atakutana na watu walioanguka na wanaotaka kurudi, naye atawajibu bila kumsikiliza Mwafrika mwenzake aliyelipitia jambo hilo.

Kwa upande wetu tumeanza. Mafrateri wawili na mimi tumemaliza orodha ya majarida yetu, pamoja na yale ya boksi la chini ya ngazi. Imechukua siku tisa na ina kurasa sita. Mkutubi mwenzangu wa daladala mbili amekwishapata nakala yake, na AFER za mhadhiri wake zimekwishafika. Nyumba nyingine ikitaka orodha hiyo, iombe tu kupitia wahariri wa jarida hili. Tunachoomba sisi kama malipo ni orodha yenu.

Kwaresima ijayo si mbali.